Nambari Moja kwa Nchi Nzima: Bei za Kila Mwezi na Haki ya Kila Eneo

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa harakati mbele ya semina ya viongozi wa usharika na wanaharakati. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Tumeombwa tuzungumze juu ya bei. Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba wakili anasimama mbele yenu kuzungumzia unga na sukari, ilhali mmezoea kutusikia tukitaja vifungu vya Katiba, tume ya uchaguzi na mahakama. Hatujaiacha njia hiyo. Tumekuja kuwaonyesha kwamba bei ya gorogoro ya mahindi ni jambo la Katiba, na kwamba namna serikali inavyohesabu bei hiyo ni jambo la haki kama namna inavyohesabu kura. Tofauti ni kwamba kura huhesabiwa mara moja katika miaka mitano, na mawakala wetu huwa chumbani wakitazama. Bei huhesabiwa kila mwezi, na sisi hatumo.

NDUGU WAWILI, KAZI MOJA

Mwaka 2023 alifika kwetu mtu wa makamo kutoka Lokichar, Turkana Kusini. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua magunia katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Ndugu yake mdogo alifanya kazi iyo hiyo katika Eneo la Viwandani, Nairobi. Walikutana nyumbani kwa mazishi ya mama yao, na usiku wa matanga, kama ilivyo kawaida ya ndugu, wakaulizana mishahara. Mkubwa akagundua kwamba mdogo wake alipata karibu mara mbili yake.

Alikuja kwetu akiwa na hakika kwamba mwajiri wake alikuwa mwizi. Nasi tulifungua amri ya mishahara ya chini ya mwaka 2022 tukitumaini kumkuta mwajiri huyo na hatia. Hatukumkuta. Amri ile ilisema kwamba kibarua wa kawaida katika majiji makubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu hatalipwa chini ya shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Katika miji iliyokuwa manispaa zamani, kiwango kilikuwa shilingi 14,025.40. Na katika maeneo mengine yote ya Kenya, Lokichar ikiwamo, kilikuwa shilingi 8,109.90. Mwajiri hakuvunja sheria hata kwa senti moja.

Tulipomweleza hivyo, mzee huyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Wakili, mimi na ndugu yangu tumenyonya ziwa moja, na gunia tunalobeba lina kilo tisini huko na huku. Ni nani aliyewaambia hao wakubwa kwamba Lokichar unga ni nusu bei?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimsindikiza mlangoni bila kumtoza ada, lakini swali lake halikutoka pamoja naye. Maneno yetu ya leo ni jaribio la kulijibu.

NAMBARI YA MWEZI HUTOKA WAPI

Mwisho wa kila mwezi mnasikia redioni kwamba mfumko wa bei umepanda au umeshuka kufikia asilimia fulani. Yafaa tujue nambari hiyo huzaliwaje, maana hatuwezi kuidai haki katika jambo tusilolielewa.

Katika juma la pili na la tatu la mwezi, wakusanyaji wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huingia madukani na masokoni katika kanda 50 kote nchini. Huandika bei ya unga, maziwa, sukari, sukumawiki, mafuta taa, nauli, kodi ya nyumba na mengi mengineyo. Bei hizo hutiwa katika kapu moja la hesabu. Kila kitu kapuni kina uzito wake, kulingana na sehemu ya matumizi ambayo kaya za Kenya hukitumilia kwa jumla. Uzito ulioanza kutumika mwaka 2020 ulitokana na uchunguzi wa matumizi ya kaya wa mwaka 2015/16. Humo, chakula na vinywaji visivyo na kileo vilipewa asilimia 32.91, nyumba, maji, umeme, gesi na fueli nyingine asilimia 14.61, na uchukuzi asilimia 9.65. Hesabu ya kapu hili ndiyo fahirisi ya bei. Fahirisi ya mwezi huu hulinganishwa na ile ya mwezi kama huu mwaka uliotangulia, na tofauti yake kwa asilimia ndiyo inayoitwa mfumko wa bei.

Wataalamu wa shirika hilo hufanya kazi ngumu, na hatukuja hapa kuwatukana. Lakini kuna mambo mawili ambayo kila mwananchi hana budi kuyatazama.

La kwanza ni uzito. Kwa kuwa kapu hufuata fedha zilizotumika, kaya inayotumia shilingi laki moja kwa mwezi huhesabika ndani yake zaidi ya kaya inayotumia elfu kumi. Matokeo yake ni kwamba chakula kimepewa uzito wa theluthi moja, hali wengi wa waumini wenu hutumia nusu ya mapato yao na zaidi kwa chakula. Unga ukipanda, kapu la taifa hutikisika kidogo. Jiko la maskini hupinduka. Oktoba 2022 mfumko uliotangazwa ulikuwa asilimia 9.6, lakini bei za chakula peke yake zilikuwa zimepanda kwa asilimia 15.8 katika mwaka mmoja. Ni ipi kati ya nambari hizo mbili iliyokuwa ya mzee wetu wa Lokichar? Mnajua.

La pili ni eneo. Kanda 50 huingia katika hesabu, na nambari moja hutoka. Shirika limekuwa likitenga katika majedwali yake Nairobi, tena kwa makundi ya kipato, na kisha sehemu nyingine za Kenya. Tazameni neno hilo: sehemu nyingine. Humo wamo Lamu na Kakamega, Wajir na Nyeri, Kitui na Homa Bay, wote wakiwa wamefungwa katika mzigo mmoja. Na linalofika masikioni mwa wananchi kupitia redio aghalabu ni nambari moja tu ya nchi nzima. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wastani wa taifa ni kitanda ambacho hakuna Mkenya yeyote anayekilalia.

MFUMKO UKISHUKA, BEI HAISHUKI

Hapa pana mtego ambao wanasiasa huutumia sana, nasi tungependa kila mwalimu wa katekisimu na kila kiongozi wa vijana aufahamu. Mfumko ni kasi ya kupanda. Gari likipunguza mwendo halikurudi nyuma.

Tufanye hesabu pamoja. Kapu lililogharimu shilingi 100 Oktoba 2021 lilipanda kwa asilimia 9.6 kufikia Oktoba 2022, likapanda tena kwa asilimia 6.9 kufikia Oktoba 2023, kisha kwa asilimia 2.7 kufikia Oktoba 2024. Serikali ilijipongeza kwa asilimia hiyo 2.7, na kwa kweli kasi ilikuwa imepungua. Lakini zidisheni wenyewe: kapu lile la shilingi 100 lilikuwa limefika takriban shilingi 120. Ambaye mshahara wake haukupanda kwa muda wote huo alikuwa amekatwa shilingi moja katika kila sita, na hakuna aliyemwandikia barua ya kumjulisha.

Baadhi yetu tulikuwa watoto wa shule za msingi mwaka 1993. Tunakumbuka kutumwa dukani na fedha zilizotosha juma lililopita, na kurudi nyumbani mikono mitupu kuomba nyongeza. Wazazi walidhani tumezila njiani, na wengine tulichapwa. Leo tunajua kilichotokea. Wafadhili waliokutana Paris Novemba 1991 walikuwa wamesimamisha misaada. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi uliofuata, vyama vingi vikaruhusiwa, na uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Wakati wa uchaguzi huo fedha nyingi mno zilitiwa katika mzunguko. Kashfa ya Goldenberg nayo ilikuwa ikichota mabilioni ya umma kwa kisingizio cha dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 1992 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa takriban shilingi 68. Mfumko wa mwaka ulikuwa asilimia 27 mwaka 1992, asilimia 46 mwaka 1993, na karibu asilimia 29 mwaka 1994. Mwaka 1995 ulishuka hadi chini ya asilimia 2, na tukaambiwa tabu imekwisha. Lakini kapu la shilingi 100 la mwaka 1991 lilikuwa limefika shilingi 243.

Twasema basi kwamba gharama ya uchaguzi ule haikulipwa na waliotoa fedha. Ililipwa dukani, shilingi kwa shilingi, na watu ambao hawakupata hata noti moja ya kampeni.

Tangu hapo tumeona namna nyingine za bei ya uchaguzi. Mei 2017 mfumko ulifika asilimia 11.7, na serikali ikatoa unga wa ruzuku kwa shilingi 90 pakiti ya kilo mbili. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Julai 2022 pakiti iyo hiyo ikatangazwa kwa shilingi 100. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Mara zote mbili wengi walilalamika kwamba unga huo hawakuuona madukani, na mara zote mbili nafuu haikudumu. Hatukatai watu wenye njaa wapewe unga. Tunauliza kwa nini huruma ya serikali hufuata kalenda ya uchaguzi, na kwa nini hakuna kipimo cha eneo kinachoonyesha unga huo ulimfikia nani.

NCHI MOJA, MASOKO MENGI

Kwa nini bei hazifanani kati ya eneo na eneo? Tutaje sababu tatu ambazo mnazijua kwa macho yenu.

Ya kwanza ni barabara na mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei za juu za petroli, dizeli na mafuta taa, mji kwa mji. Mombasa, yanakoshukia mafuta, ndiko kwenye nafuu. Mandera aghalabu ndiko kwenye bei ya juu kabisa, na tofauti yake na Mombasa hupita shilingi 10 kwa lita. Lodwar nayo hulipa zaidi ya Nairobi. Tafadhali litieni jambo hili moyoni: hapa serikali yenyewe, kwa maandishi, kila mwezi, inakiri kwamba kuishi mbali kuna gharama. Na kila kitu kinachosafiri kwa lori hubeba gharama hiyo mgongoni.

Ya pili ni majira. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa mwishoni mwa mwaka. Mkulima wa Kitale huyauza mapema kwa sababu karo ya Januari inamngoja, na wakati huo bei iko chini. Gunia lake hupanda lori, likapitia Kapenguria, likashuka mpaka Lokichar na Lodwar, likiongezwa nauli, ada na faida kila linapotua. Ifikapo Mei na Juni, ghala la mkulima yule limekauka naye anarudi sokoni kununua mahindi kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Kwa hiyo mwezi mmoja huweza kuwa wa nafuu Kitale na wa dhiki Makueni, na mwezi mwingine kinyume chake. Mipaka nayo ina neno. Mahindi na maharagwe huingia kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba, na kutoka Tanzania kupitia Namanga. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa ghafla mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya sumu ya kuvu, walioyategemea kwa biashara na kwa chakula walitaabika mara moja, hata kabla ya marufuku hayo kulegezwa. Wastani wa taifa haukuwa na nafasi ya kulisema hilo.

Ya tatu ni ukame, na hapa tunawaomba ndugu zetu wa maeneo ya kilimo wasikilize kwa makini. Mfugaji ana bei mbili: bei ya anachouza na bei ya anachonunua. Mvua zikikosekana, mbuzi hukonda na wote huuza pamoja, kwa hiyo bei ya mbuzi huanguka. Wakati uo huo mahindi hupanda. Mbuzi mmoja aliyeleta gunia sasa huleta nusu gunia. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya. Nambari ya mfumko haikuhesabu anguko la bei ya mbuzi kuwa hasara ya mtu yeyote. Kwa hesabu ya mjini, nyama ikishuka bei ni habari njema.

Lakini tuwe wakweli, maana wakili asiyetaja ushahidi wa upande wa pili hushindwa mbele ya hakimu. Si kila kitu ni ghali mbali na Nairobi. Kodi ya chumba Lokichar si kodi ya chumba Nairobi. Karibu na mpaka, bidhaa za nchi jirani huweza kuwa rahisi. Nyumbani kwa mkulima kuna mboga shambani na ng'ombe zizini. Hatusemi kwamba tumepima na kukuta Lokichar ni ghali kuliko Nairobi katika kila jambo. Tunasema kwamba sheria imeandika nusu mshahara bila kupima.

SHERIA ILIYOKISIA

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba mstari wa umaskini wa serikali yenyewe, kwa uchunguzi wa 2015/16, ulikuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi mijini, na shilingi 3,252 mashambani. Gawanyeni: mashambani ni takriban asilimia 54 ya mijini, na kile kiwango cha mshahara wa kibarua mwaka 2022 kilikuwa takriban asilimia 53. Jibu hilo lina uzito, nasi hatulidharau.

Hata hivyo tuna hoja tatu dhidi yake. Kwanza, mashambani kote kumepewa mstari mmoja. Mwenye ekari mbili Kirinyaga na mpakiaji magunia wa Lokichar asiye na shamba wala ng'ombe wamewekwa katika hesabu moja. Pili, mstari wa chakula peke yake ulikuwa shilingi 2,551 mijini na 1,954 mashambani, yaani asilimia 77, wala si 54. Pengo kubwa hutoka katika mambo yasiyo chakula, kama vile kodi ya nyumba. Tena mstari hupimwa kwa kile ambacho watu hutumia, na mtu hawezi kutumia fedha kwa maji ya bomba, umeme na zahanati ambavyo havipo. Ukosefu haupaswi kuitwa nafuu. Tatu, uchunguzi uo huo ulionyesha kwamba asilimia 79.4 ya watu wa Turkana walikuwa chini ya mstari wa umaskini, hali kwa taifa zima ilikuwa asilimia 36.1 na kwa Nairobi asilimia 16.7. Kama maisha ya Turkana yangekuwa rahisi kama mshahara wake unavyodai, wangekuwaje maskini namna hii?

Mwaka 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Wote walipata asilimia ileile, na kwa sababu hiyo pengo la shilingi kati ya yule mdogo wa Nairobi na mkubwa wake wa Lokichar likapanuka. Hivyo ndivyo kisio la zamani linavyozaa matunda mapya kila mwaka bila mtu kulichunguza.

KATIBA INASEMA NINI

Ndugu na dada, Katiba tuliyoipigania kwa miaka ishirini na kuipata mwaka 2010 haikunyamaza juu ya jambo hili. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinawapa watumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari wanazohitaji. Kifungu cha 203 kinataka mapato ya taifa yagawanywe kwa kuangalia pia tofauti za kiuchumi kati ya kaunti na ndani ya kaunti. Kifungu cha 204 kimeunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Na kifungu cha 35 ndicho ufunguo wa milango hiyo yote: kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari imekifafanua. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Ofisi husika hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na ikikataa, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko yake kwa tume ya kupokea malalamiko dhidi ya utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Hakuna anayehitaji wakili kwa hilo. Tunasema haya tukijua kwamba tunajinyima kazi.

Tena mtu asituambie kwamba hesabu ya eneo kwa eneo haiwezekani. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti 23 zenye ukame, na humo huandika bei ya mahindi, bei ya mbuzi, na kiasi cha mahindi ambacho mbuzi mmoja huweza kununua. Ikiwa yawezekana kwa mbuzi wa Turkana, yawezekana kwa kibarua wa Turkana.

TUFANYE NINI

Tunapendekeza mambo matano.

1. Tudai kwamba Shirika la Takwimu litangaze kila mwezi, pamoja na nambari ya taifa, bei na mfumko wa kila kanda kati ya zile 50, kwa lugha ya Kiswahili na kwa njia ya redio. Pale ambapo bei zimeandikwa ndani ya madaftari ya umma, kilichobaki ni kuzitoa.

2. Tudai kwamba baraza la mishahara, kabla ya kupendekeza amri nyingine, lieleze hadharani kwa ushahidi gani maeneo mengine yote ya Kenya yamepewa daraja la chini. Sheria inataka gharama ya maisha iangaliwe. Kuangalia si kukisia.

3. Tudai kwamba ruzuku yoyote ya chakula iambatane na orodha ya kaunti: tani ngapi, maduka gani, siku ngapi. Iwe hivyo hasa katika mwaka wa uchaguzi.

4. Kila usharika na kila kikundi kianzishe daftari la bei. Chagueni vitu kumi na viwili na msivibadilishe: unga, mahindi, maharagwe, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa, sukumawiki, sabuni, makaa, mafuta taa, nauli ya kwenda hospitali ya karibu, na ujira wa kibarua kwa siku. Andikeni siku moja katika juma la pili la mwezi, katika duka lile lile na kibanda kile kile. Andikeni uzito wa pakiti pamoja na bei, maana siku hizi bei hukaa palepale na pakiti ikapungua. Gorogoro ipimeni kwa mizani, kwa sababu mnajua vyema jinsi mkebe unavyobonyezwa kitako. Watu wawili watie sahihi. Msiandike jina la mwenye duka. Yeye naye ni mwananchi anayenunua kwa bei ya juu, wala si adui yetu. Msiandike maoni. Andikeni mlichokiona.

5. Madaftari hayo yaletwe pamoja kila baada ya miezi mitatu, yalinganishwe eneo kwa eneo, na yatumwe kwa wabunge, kwa maseneta na kwa mabaraza ya kaunti.

Wengine watauliza: daftari la akina mama wa kanisa litashindana vipi na kompyuta za serikali? Tunajibu kama mawakili. Mahakamani, maandishi yaliyoandikwa siku ile ile, na mtu aliyeona kwa macho yake, kwa utaratibu usiobadilika, yana nguvu ambayo malalamiko ya mdomo hayana. Hakimu hawezi kuamua kwa neno "maisha yamepanda". Aweza kuamua kwa kurasa ishirini na nne za miezi ishirini na minne. Wala daftari letu si la kuipinga takwimu ya serikali. Ni la kuiita mezani.

Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza thamani ya fedha, wakimnunua maskini kwa jozi ya viatu. Hakuwakemea kwa sababu waliuza. Aliwakemea kwa sababu ya mizani. Kanisa ambalo limezoea kuhubiri juu ya mizani ya mchuuzi halina budi kuuliza pia juu ya mizani ya serikali.

Mwaka uliopita tulimwandikia mzee wetu wa Lokichar tukamweleza kwamba hatujapata kesi, lakini tumepata kazi. Alijibu kwa ujumbe mfupi: ameanza daftari, ameandika miezi minne, na mkewe ndiye anayepima gorogoro kwa sababu wauzaji humwogopa. Akauliza ataipeleka wapi karatasi ya mwezi wa tano.

Swali hilo tunaliacha mbele yenu. Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo walivyosema waliotutangulia. Mkitoka hapa, kila mmoja amtaje mtu atakayeshika daftari katika usharika wake na siku ya mwezi atakayoenda sokoni. Katibu wa semina yuko mlangoni, na kalamu anayo.